Kisima cha Maalim katika Barua ya Mwanangu

Mimi si mtu wa kuogopa hovyo, na wanaonijua watakwambia hivyo hivyo. Nilianza Kivukoni nikiwa hamali, nashusha boriti za mikoko zinazoletwa kutoka Rufiji, na mpaka leo bega langu la kulia lina sugu ambalo fundi wa kanzu hulalamika kila akinipima. Nimewahi kugombana na manahodha mbele ya watu. Nimewahi kuitwa kortini kwa ajili ya mpaka wa kiwanja, nikasimama nikasema maneno yangu bila wakili, nikarudi na kiwanja changu. Kutoka kwenye bega hilo nimepata uwanja wa boriti, fito, makuti na chokaa hapa Kariakoo, upande unaoelekea Mnazi Mmoja, na nyumba ya vyumba sita yenye sakafu ya saruji wakati majirani wengi walikuwa wangali wanakanyaga udongo. Ukipita Kariakoo ukaona nyumba imesimama wima baada ya masika, uliza boriti zake zilitoka wapi. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani anayesema kwamba mwaka ule aliogopa.

Niliogopa kwa ajili ya mwanangu. Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza madarasa yote ya shule ya serikali, na akili yake, nisiseme uwongo, ilikuwa inawashinda wengi. Mimi mwenyewe nilisoma chuoni kwa maalim wa Kurani kidogo tu, nikatolewa baba yangu alipofariki; herufi za Kizungu nilijifunza ukubwani, kwa kusoma mabango ya maduka na magazeti yaliyofungiwa misumari. Mtoto huyu alitaka udaktari. Na udaktari kwa mtu mweusi wakati ule ulikuwa mahali pamoja tu, chuo kule Uganda. Sisi tulikiita chuo kikuu, ijapokuwa Wazungu wenyewe walikuwa bado wanabishana kama kinastahili jina hilo. Kutoka shule nzima mwalimu mkuu angempendekeza kijana mmoja, na huyo mmoja angekwenda kukaa mbele ya Wazungu pamoja na vijana wa majimbo mengine, na Tanganyika nzima ikatoka na wachache wa kuhesabika kwa vidole.

Kosa, kama utaliita kosa, ni kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kusema barazani kuwa mwanangu anakwenda Uganda. Sikusema anaomba. Nilisema anakwenda. Mimi huuza namna hiyo: boriti zikiwa bado ziko Rufiji nimekwisha kumwambia mnunuzi zimefika, na kweli hufika. Basi kila nikipita kwa muuza kahawa wazee wananiita Baba Uganda. "Baba Uganda, vipi, watu wa huko wanakula nini?" Nami nawajibu, nacheka, nakunywa kahawa, na kahawa yenyewe haishuki.

Maombi yale yalitaka vitu vitatu. Ushuhuda wa mwalimu mkuu, ambaye alikuwa Mzungu. Karatasi ya daktari kwamba kijana ni mzima. Na barua ya kijana mwenyewe, kwa Kiingereza na kwa mkono wake, aeleze yeye ni nani, amefanya nini, na kwa nini achaguliwe yeye. Ushuhuda haukunisumbua, na mwili wa mwanangu niliulisha mimi, sikuwa na wasiwasi nao. Barua nayo niliiona ndiyo nyepesi kuliko vyote, maana mtoto anajua kuandika.

Aliandika kwa siku kadhaa, kisha alasiri moja akatusomea, mimi na mama yake, anageuza kwa Kiswahili kadiri anavyokwenda. Ilianza kwa salamu ndefu za heshima, kama alivyofundishwa na maalim wake tangu mdogo. Halafu ikasema: mimi ni kijana dhaifu, mwenye elimu pungufu, sina nililolifanya linalostahili kutajwa mbele ya watu wakubwa kama ninyi, lolote jema mtakaloliona kwangu ni la walimu wangu na wazazi wangu, na lolote baya ni langu mwenyewe. Ikaendelea hivyo hivyo hadi mwisho, ambapo aliomba wamsamehe kwa kuwachosha.

Mama yake alifuta machozi kwa upande wa kanga. Alisema sasa ameona kwamba mtoto huyu amelelewa. Nami nilijibu kwamba barua kama ile hata Liwali angeipokea kwa mikono miwili, na nilisema kweli. Mtu wa pwani aliyelelewa hajisifu kwenye karatasi. Mimi najisifu kwa mdomo, na mdomo ni upepo, karatasi inabaki.

Kesho yake mwalimu wake wa hesabu alikuja uwanjani kwangu. Alikuwa kijana mwembamba kutoka Tanga, mwenye adabu, na ndiye aliyekuwa anapitia barua za wanafunzi kabla hazijafika kwa Mzungu. Nilidhani anataka fito. Akaniamkia, nikamwitikia, akazunguka zunguka kati ya marundo ya boriti kama mtu anayetafuta pa kuweka miguu.

"Mzee," akasema, "barua ya kijana wako ikienda vile ilivyo, tumemzika."

Nikamuuliza kama ina makosa ya Kiingereza.

"Kiingereza chake ni safi. Lakini Mzungu akiulizwa na mtu 'kwa nini nikuchukue', akajibiwa 'mimi sijui kitu', anaamini. Ataandika pembeni: huyu amesema mwenyewe hajui kitu. Ataweka chini, achukue nyingine."

"Lakini hiyo ni adabu."

"Kwetu ni adabu, mzee. Wewe ukimuuzia mtu boriti, unamwambia zangu huenda zina wadudu, utanisamehe?"

Hapo ndipo woga uliponiingia, tena kwa mlango ambao mimi naujua vizuri. Maana hakuna mtu Kariakoo anayeijua biashara ya kusifu mali yake kunizidi mimi, na mwanangu alikuwa ameweka mali yake barabarani na kuiitia mchwa. Nikamuuliza mwalimu sasa tufanyeje. Akasema vijana wenzake wote wataandika kwamba wanapenda elimu na wanataka kuisaidia nchi, maneno matupu, Wazungu wanayajua kwa moyo. Kinachotakiwa ni jambo moja ambalo kijana amelifanya yeye, kwa akili yake, bila kutumwa. Kisha akanitazama. "Na mwanao analo. La kisima."

Nikakaa juu ya boriti.

Habari ya kisima ilikuwa hivi. Masika ya mwaka uliotangulia kulikuwa na ugonjwa wa tumbo mtaani kwetu, watoto hasa, na mama mmoja wa nyumba ya kona alizika mwanawe. Watu walisema hili na lile, wengine hewa, wengine kijicho. Mwanangu akaanza kwenda nyumba kwa nyumba anauliza wagonjwa ni nani na maji wanateka wapi. Akachukua kamba ya uwanjani kwangu, anapima kutoka choo hadi kisima, ua baada ya ua. Mimi nilidhani ni kazi ya shule. Alipomaliza aliona kwamba karibu wote walioumwa walikuwa wanateka kisima kimoja, kisima cha maalim.

Maalim huyu ndiye aliyemfundisha Kurani mwanangu na nusu ya watoto wa mtaa. Babu yake alitoka Uarabuni, yeye alizaliwa hapa hapa. Asubuhi na jioni anasomesha barazani kwake, na mchana kutwa anashona na kuuza kofia katika kiduka chake Mchafukoge. Kisima chake kilikuwa wazi kwa yeyote mwenye ndoo, na watu walikiona kina baraka. Mwanangu alimwendea na kumwambia choo kiko karibu mno, maji yana ugonjwa. Jibu lilikuwa bakora. Yaliyofuata baada ya hapo sikuyajua vizuri, ila nilijua kwamba baada ya muda maalim alikifukia kisima, ugonjwa ukapungua, na mtaa mzima ukanyamaza. Hakuna aliyelisema jambo lile tena, maana kulisema ni kusema kwamba maalim aliwanywesha watoto ugonjwa. Na mwanangu akawa akikutana naye anaamkia, anaitikiwa, basi.

Nilipomwambia mwanangu kwamba barua iandikwe upya na kisima kiwemo, alikataa. Sijawahi kumwona akikataa jambo kwa utulivu namna ile. "Baba, siwezi kumwandika maalim wangu kwa Wazungu." Nikampandishia sauti. Akainamisha kichwa, na hakubadilika. Mama yake akaingia kati, na yeye upande wa mwanawe. Aliniambia kwamba mtoto asipopata radhi ya maalim wake, hata akifika Uganda hatafika. Halafu, akasema, kuna Bwana Afya, yule mkaguzi wa serikali. Ikisomwa ofisini kwamba mtaa wetu una visima vya ugonjwa, si watakuja na vitabu vyao, wabomoe vyoo na nyumba pamoja?

Hilo la Bwana Afya lilikuwa limekwisha kunipitia kichwani, sikutaka kulisema. Nyumba ya vyumba sita huijengi mara mbili. Usiku ule ukapita, kesho yake na kesho kutwa nikashindwa kula chakula cha mchana, na wafanyakazi wangu wakaanza kuulizana kama bwana ana homa. Nilikuwa nahesabu fito, napotea, naanza tena. Tarehe ya mwalimu mkuu kukusanya barua ilikuwa inakuja, na mezani kulikuwa na barua moja inayosema mwanangu hajui kitu.

Ijumaa baada ya sala nilivaa kanzu yangu nzuri na koti, nikaenda Mchafukoge.

Nimeutembea mji huu na boriti begani nikiwa kijana, jua la saa saba, lami inachoma nyayo, lakini njia ile fupi ndiyo iliyonichosha. Nilikuwa nayapanga maneno, yakifika kwenye neno kisima yanavunjika. Nilichoogopa si bakora. Niliogopa ainue mikono aseme sina radhi na mtoto huyu. Likishasemwa neno hilo, mwanangu angeliamini, na kijana anayeamini kwamba neno kama hilo liko juu yake hawezi kwenda kukaa mbele ya Wazungu akajieleza.

Maalim alikuwa amekaa mkekani, kofia gotini, anatoboa vitobo kwa sindano. Mimi na yeye hatukupishana sana umri, lakini nilimpa shikamoo kama mtu anavyompa maalim wa mwanawe. Akaitikia bila kuinua macho.

"Leo umevaa kanzu ya Idi," akasema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, maalim."

"Basi kuna mtu anataka kitu."

Nikaanza mbali. Nikasema habari za shule, za chuo cha Uganda, za treni mpaka Mwanza na meli ya ziwani. Akasema anajua, mji mzima unajua, ameambiwa mtoto amekwisha kwenda na kurudi. Nikameza hilo. Nikaeleza barua, nikaeleza maneno ya mwalimu, na mwisho nikasema kisima. Sindano haikusimama.

"Kwa hiyo mwanao atakwenda Uganda kwa mgongo wangu."

"Kwa radhi yako, maalim."

"Radhi yangu na mgongo wangu ni vitu viwili." Akakata uzi kwa meno. "Yeye yuko wapi? Mbona amekuleta wewe? Wakati ule alikuja mwenyewe, na bakora alikula mwenyewe."

Nikamwambia mtoto hajui kwamba nimekuja. Kwamba yeye ndiye aliyekataa kuandika. Hapo ndipo sindano iliposimama. Alinitazama kwa mara ya kwanza, akaitazama kofia, akasema nimlete.

Nilikwenda kumchukua nyumbani bila kumwambia tunakwenda wapi. Tulipokata kuelekea Mchafukoge akajua, akapunguza mwendo, nami sikumharakisha, kwa sababu miguu yangu pia haikuwa na haraka. Alipofika alibusu mkono wa maalim na kukaa chini karibu na mlango, mahali wanapokaa watoto waliochelewa.

Maalim hakumuuliza habari. Alimsukumia karatasi ya kufungia kofia na penseli, akamwambia aandike kwa Kiswahili kile ambacho angewaandikia Wazungu, kisha amsomee. Mwanangu akanitazama mimi. Nikaangalia nje. Akaandika polepole, huku maalim anauza kofia kwa mteja aliyeingia, wanabishana bei kana kwamba hakuna jambo.

Mteja alipotoka, mwanangu akasoma. Alisema kwamba mtaani kwetu palikuwa na mzee mmoja mwenye heshima aliyekuwa na kisima. Kwamba ugonjwa ulipotokea, mzee yule alielezwa hatari yake, naye kwa ukarimu wake akakubali na kukifukia.

"Uwongo," akasema maalim.

Mwanangu akaishusha karatasi.

"Nilikubali lini? Nilikupiga."

"Ndiyo, maalim."

"Andika nilikupiga. Ukiandika nilikubali, watasema hii ni kazi gani, mtoto kasema, mzee kasikia, wamekwenda zao. Andika nilikupiga ukarudi. Andika nilikufukuza, ukarudi na yule mama wa kona, ukamsimamisha pale mlangoni, hukusema neno, wala yeye hakusema neno." Akaiweka kofia chini. "Mama yule nilimsomesha. Na yule mtoto wake nilikuwa nimeanza kumsomesha."

Hapo nilijua kwa mara ya kwanza jinsi ilivyokuwa. Mwanangu hakuwahi kuniambia. Alikuwa ameinamia karatasi, anaandika.

"Na andika kisima kile nilikichimba mimi na marehemu kaka yangu, maji yake yalikuwa matamu mtaa mzima unajua, na nilikifukia kwa mikono yangu, sikuajiri hamali." Akanitupia jicho mimi. "Jina langu usiandike."

Nikasema upesi kwamba haliwezi kuandikwa, tutamsitiri.

"Si la kusitiri. Wazungu hawajui kuliandika, watalivunja."

Nilitaka kucheka, nikaogopa. Yeye hakucheka. Alimwita mwanangu asogee, akamshika kichwa, akasoma muda mrefu, kisha akampulizia utosini. Mimi nikanunua kofia mbili ambazo sikuzihitaji.

Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Mwalimu wa hesabu aliisoma amesimama, pale pale uwanjani, akasema hakuna cha kuongeza. Mwanangu alikuwa bado anataka kuweka mwishoni kwamba anaomba msamaha kwa kuwachosha. Mwalimu akamwachia hilo, ila alimwambia asimalize kwa kusema hajui kitu. Mwalimu mkuu akampendekeza yeye. Daktari akamgonga kifua na mgongo, akamtazama ulimi, akaandika ni mzima.

Ungedhani woga ungepungua. Uliongezeka. Mpaka siku ile mambo yalikuwa yetu, ya mtaani, naweza kutembea nikamwendea mtu. Sasa karatasi ilikuwa mezani kwa watu nisioweza kuwaendea, nayo inasema mtaa wetu ulikuwa na kisima cha ugonjwa. Kila kofia ya jua ya Mzungu ikitokea barabarani nadhani ni Bwana Afya. Nikawapangia watu wangu wapake chokaa choo cha nyumba yangu, wakapaka. Nikaona haitoshi, wakapaka tena. Mke wangu akaniuliza nani anakuja kulala humo.

Vijana waliopendekezwa waliitwa siku moja kwenye ofisi ya serikali, upande wa Kivukoni, mahali ambapo zamani nilikuwa napita na mizigo bila kugeuza kichwa. Nilimsindikiza. Tarishi alinionyesha benchi la barazani. Akaingia kijana wa kwanza, mrefu, wa bara, amevaa viatu vinavyong'aa. Akakaa ndani kitambo, akatoka anatabasamu. Akaingia wa pili, naye akatoka anatabasamu. Kila tabasamu nililihesabu, maana nafasi zilikuwa chache nami nikaona zinachukuliwa moja moja mbele ya macho yangu. Mwanangu alipoitwa, alisimama akanipa kofia yake nimshikie. Nilitaka kumwambia neno. Nimewahi kuongea na manahodha, na mahakimu, na wadai. Nilimwambia afunge kifungo cha shingo, nacho kilikuwa kimefungwa.

Alikaa ndani muda mrefu kuliko wenzake. Mara nikasikia sauti ya Mzungu imepanda, kisha kimya, kisha kicheko cha watu wawili. Sikujua ni kicheko cha namna gani. Nilikuwa nimeishika ile kofia kwa mikono miwili, na nilipokuja kuitazama ilikuwa imekunjika kama kitambaa cha kufutia meza.

Alitoka hatabasamu. Tulitembea mpaka tukafika Mnazi Mmoja ndipo nikamuuliza walimuuliza nini.

Alisema waliuliza alipima vipi kwa kamba, alijuaje kama si nzi, aliwauliza watu wangapi. Alieleza yote. Mzungu mmoja hakuamini kwamba alirudi kwa maalim baada ya kupigwa. Ndiye aliyepandisha sauti. Halafu yule wa katikati akamuuliza swali la mwisho. Kingekuwa kisima cha baba yako, ungefanya nini?

Nilisimama. Watu walikuwa wanatupita, wengine na vikapu vya sokoni.

"Ukasema nini?"

"Nikawaambia cha baba ndicho nilichokipima kwanza. Kisha nikaenda vya watu."

"Kisima changu? Bila kuniambia?"

"Ningekwambia kingekuwa kibaya."

"Na kingekuwa kibaya, mimi ningekupiga."

"Najua, baba. Na hilo niliwaambia. Ndipo wakacheka."

Tukaendelea kutembea. Sikukasirika, na mpaka leo najiuliza kwa nini sikukasirika. Niliogopa tu, woga mwingine ambao sikuwa nao asubuhi. Niliona nimelea ndani ya nyumba yangu mtu anayepima kisima changu wakati mimi nimelala, tena kwa kamba yangu mwenyewe, na wala heshima yake kwangu haikupungua kwa sababu hiyo. Mtu kama huyo, nikawaza, wasipomchukua nitamfanyia nini mimi? Nimkalishe uwanjani ahesabu fito?

Miezi ya kungoja sitaielezea sana. Barazani nilikuwa nikienda kwa shida. Mwanangu alikuwa akinisaidia uwanjani mchana, anafanya hesabu zangu kwa muda mfupi kuliko wangu, na kila alipoinama kubeba boriti nikamwambia aiache, awaachie watu, kana kwamba bega lake ni la serikali. Mama yake aliacha kutaja neno Uganda kabisa. Akitaka kulisema alisema "kule."

Kisha tarishi wa shule alikuja akasema mwalimu mkuu ananihitaji mimi, baba. Hakusema kwa nini. Mwanangu alitaka kufuatana nami, nikamkatalia. Nilihofu kwamba ni Bwana Afya, au kwamba wamekataa na Mzungu anataka kuniambia kwa upole, na sikutaka mtoto aone uso wangu.

Mwalimu mkuu alinipa kiti. Alizungumza Kiswahili cha bara, kizito, kila neno linaingia peke yake. Alisema kijana wangu amepata nafasi. Nikasubiri, kwa sababu nilidhani kuna "lakini" inakuja. Akasema tena, polepole, akidhani sikumwelewa. Kisha akanisogezea karatasi na kalamu ya wino, akanionyesha mstari ulioko chini: mzazi atie sahihi kwamba amekubali mwanawe aende, na akae huko mpaka amalize.

Nikaishika kalamu. Mkono huu umeinua boriti ambazo watu wawili walishindwa kuziinua, na kalamu ile niliigeuza mara mbili kabla ya kuiweka kwenye karatasi. Nikamuuliza kama naweza kuandika kwa herufi nilizofundishwa chuoni, za Kiarabu. Akasema naweza. Nikaandika jina langu kutoka kulia, na wino ukadondoka tone moja karibu na herufi ya mwisho. Niliogopa wasije wakasema imechafuka, wakampa mwingine nafasi ile. Nikamuuliza kama ni sawa.

Akasema ni sawa.

Alikuwa amekwisha kuinua kikaushio akaushe wino, nikamwomba angoje kidogo. Nikaandika jina langu tena chini yake kwa herufi za Kizungu, kubwa kubwa, asije mtu huko Uganda akasema haikusomeka.